Nani Aliyeua? Kauli ya Kutendwa katika Maandishi ya Mountain Meadows

Katika semina moja ya muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisema neno lililoniudhi hata sikuweza kula chakula cha mchana. Tulikuwa tunajadili wahusika wanaotenda maovu kwa amri ya wakubwa wao, naye akafunga mjadala kwa methali: mjumbe hauawi. Aliyetumwa hana kosa, alisema, mwenye kosa ni aliyemtuma. Mhakiki asipoteze muda wake na vidagaa ilhali papa yumo majini. Darasa likacheka, mwalimu akaangalia saa, tukatoka. Mimi sikucheka. Wakati ule nilikuwa nimebakiza kurasa chache za kitabu ambacho ndani yake mjumbe anauawa, tena anauawa akiwa na kosa lake, na waliomtuma wanakuja kufa kwa uzee na maradhi.

Kitabu chenyewe ni The Mountain Meadows Massacre cha Juanita Brooks, kilichotolewa na Stanford University Press mwaka 1950. Si riwaya, ni historia. Katika makala haya ninakusudia kueleza kisa hicho kwa wale wasiokijua, kisha nionyeshe jinsi maandishi mbalimbali yalivyoligawa kosa, nani kapewa na nani kanyimwa, na kwa nini nadhani jambo hilo ni la kifasihi, na hata la kisarufi, kabla halijawa la kidini. Ndugu zetu wa idara ya historia watanisamehe kwa kuingia shambani mwao bila hodi.

Tuanze na watu. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake tumezoea kuwaita Wamormoni kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830. Si kanisa geni kabisa kwetu, maana lina waumini Kenya na Tanzania, na kitabu chao kinapatikana kwa Kiswahili. Lakini kisa hiki ni cha huko kwao, cha karne ya 19, na ningependa msomaji asikichukue kama fimbo ya kumpigia Mmormoni anayekutana naye njiani.

Miaka yao ya mwanzo walionewa, tena walionewa kweli kweli. Mwaka 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo lake. Siku tatu baadaye, kwenye kinu cha Haun, watu 17 wa kanisa hilo waliuawa. Mwaka 1844 Smith mwenyewe aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa gerezani Carthage, Illinois. Brigham Young akawachukua waliobaki kwenda magharibi, na mwaka 1847 wakafika bonde la Salt Lake, jangwani, mahali ambapo hakuna mtu angewafuata. Walidhani hivyo. Mwaka 1857 Rais James Buchanan akatuma jeshi kwenda Utah kumsimika gavana mpya badala ya Young, na huko Utah kila mzee aliyekumbuka Missouri aliona ni Missouri ile ile inarudi. Nafaka ikaanza kuwekwa akiba, watu wakaambiwa wasiwauzie wapita njia. Tangu mwaka uliotangulia mahubiri yalikuwa makali, ya toba na ya utii. Mwezi Mei mtume wao mmoja, Parley P. Pratt, alikuwa ameuawa Arkansas.

Sasa, katikati ya hofu hiyo, ukapita msafara wa magari ya kukokotwa, wahamiaji wanaokwenda California na mifugo yao na watoto wao. Wengi wao walitoka Arkansas. Hawakuhusika kwa lolote na kifo cha Pratt, lakini ukishaogopa hutofautishi.

Mahali palipoitwa Mountain Meadows, yaani malisho ya mlimani (sisi tunaoishi Mlimani tusilicheke jina hilo), palikuwa kituo cha kupumzishia ng'ombe kusini mwa Utah. Msafara ulishambuliwa hapo asubuhi ya tarehe 7 Septemba 1857. Wahamiaji wakaburuta magari yao wakayapanga duara, wakachimba handaki, wakajitetea kwa siku kadhaa huku maji yako mbele yao na hawawezi kuyafikia. Tarehe 11 akaja mtu chini ya bendera nyeupe. Jina lake John D. Lee, mkulima, meja wa mgambo, mtu aliyekuwa mwana wa Brigham Young kwa taratibu za kanisa za kufanywa mwana. Aliwaambia kwamba Wapaiute wenye hasira ndio wanaowazingira, na kwamba wakikabidhi silaha zao mgambo wa Wamormoni utawasindikiza salama hadi Cedar City. Walikubali. Wangefanya nini? Watoto wadogo na majeruhi wakapandishwa magarini, wanawake na watoto wakubwa wakafuata kwa miguu, na nyuma wakaja wanaume, kila mmoja akitembea sambamba na mwanamgambo mwenye bunduki. Baada ya mwendo, meja John M. Higbee akatoa amri kwamba kila mtu atimize wajibu wake. Kila mwanamgambo alitakiwa kumgeukia mtu aliyekuwa akitembea naye.

Walikufa watu wapatao 120. Walibakizwa watoto 17, wale walioonekana wadogo mno kuweza kusimulia. Hebu tulitazame hilo tukiwa wanafasihi. Wauaji walichagua wa kubaki hai kwa kipimo cha usimulizi. Walijua kabisa, tangu dakika ile, kwamba vita vyao vilivyobaki ni vita na hadithi. Kisha wakala kiapo cha kunyamaza, na hadithi rasmi ikaenea kwamba ni Wapaiute waliofanya.

Ninataka kukaa kidogo kwenye siku zilizotangulia, kwa sababu hapo ndipo swali la wajibu wa mtu mmoja mmoja linapokuwa gumu. Lazima kwanza tuelewe kwamba kanisa hili halikuwa na mapadri wa mshahara. Askofu wa Cedar City, Philip Klingensmith, alikuwa mhunzi. Isaac C. Haight alikuwa rais wa kigingi, yaani kiongozi wa jimbo la kanisa, na wakati huo huo meja wa mgambo. William H. Dame wa Parowan alikuwa rais wa kigingi na kanali. Mkono uliokubariki Jumapili ndio uliokupa amri Jumatatu. Mtu aliyetaka kumkatalia meja wake alikuwa anamkatalia pia mtu aliyemwamini kuwa anasema kwa niaba ya Mungu, na ambaye pia ni jirani yake katika kijiji cha jangwani kisicho na pa kukimbilia.

Hata hivyo alipatikana wa kuuliza. Jumapili ya tarehe 6 Septemba kulikuwa na baraza Cedar City, na Haight alileta shauri la kuwashughulikia wahamiaji. Mjumbe mmoja wa baraza hilo, Laban Morrill, akahoji ni kwa mamlaka gani jambo kama hilo lifanywe. Alisisitiza hadi baraza likakubali kwamba apelekwe mtu kwa Brigham Young kuuliza, na kwamba hakuna litakalofanyika kabla ya jibu. James Haslam alipanda farasi tarehe 7, akapita kilomita zipatazo 400, akafika Salt Lake City tarehe 10, akapewa barua, akageuza siku hiyo hiyo. Alirudi Cedar City tarehe 13. Siku mbili zimepita.

Nimemwaza sana Morrill. Tukimpima kwa vipimo vyetu vya darasani yeye ndiye mhusika chanya, sauti ya dhamiri. Lakini baada ya baraza alikwenda nyumbani. Aliamini kwamba kura imepigwa, utaratibu umewekwa, basi. Wakati huo Haight hakungoja. Alikwenda Parowan, ambako baraza la huko nalo lilisema wahamiaji waachwe waende, kisha akamvuta Dame pembeni, wakazungumza faragha, akatoka na kile alichokuwa anakitaka. Mambo mengi ya dunia hii huamuliwa baada ya kikao, jamani, kule nje kwenye magari, na aliyesema ukweli ndani ya kikao ameshaondoka.

Na barua? Barua ya Young ni maandishi ambayo yangetosha semina nzima. Inasema wahamiaji wasiguswe, waachwe waende. Lakini inaongeza kwamba Wapaiute huenda wakafanya wapendavyo, na kwamba uhusiano mwema nao udumishwe. Brooks aliisoma kama amri ya kweli ya kuokoa watu, iliyochelewa. Will Bagley, katika Blood of the Prophets ya mwaka 2002, aliisoma kama barua ya mtu anayejua kwamba siku moja itasomwa na hakimu. Ronald Walker, Richard Turley na Glen Leonard, watafiti wa ndani ya kanisa waliochapisha kitabu chao mwaka 2008, walikaribiana zaidi na Brooks, wakiuweka uamuzi mikononi mwa viongozi wa kusini. Maneno ni yale yale. Mimi naegemea upande wa Brooks kuhusu barua, ila simfuati yeyote anayedhani barua inamaliza kesi, kwa sababu hofu na lugha ya kisasi vilivyowafikisha wale wanaume uwandani havikutoka Cedar City peke yake, na Brooks mwenyewe alilisema hilo waziwazi: Young hakuamuru, lakini yeye na wenzake ndio waliotengeneza hali iliyoliwezesha tendo, na baadaye wakalifunika.

Sasa nije kwenye vitenzi.

Kiswahili kimetujalia kitu ambacho wengine hukipata kwa taabu. Tunaposema *amevunja*, *kimevunjwa* na *kimevunjika*, tumetaja tendo moja kwa ngazi tatu za wajibu. Katika ya kwanza mtu yupo. Katika ya pili mtu yupo lakini amejificha mlangoni. Katika ya tatu hayupo kabisa, kikombe kimejivunjikia chenyewe, na kila mama anajua mtoto akisema kimevunjika ana maana gani. Maandishi ya Mountain Meadows ni ya Kiingereza na hayana mnyambuliko wetu, lakini ukiyasoma ukiwa Mswahili unazisikia ngazi hizo.

Chukua ungamo la Lee. Kanisa lilimtenga mwaka 1870. Mwaka 1874 watu 9 walishtakiwa, na aliyetiwa hatiani ni yeye tu. Kesi ya kwanza, mwaka 1875, baraza la wazee wa mahakama liligawanyika. Ya pili, mwaka 1876, wazee wote walikuwa Wamormoni, na mashahidi waliokuwa wamesahau kila kitu kwa miaka 19 ghafla wakakumbuka, lakini wakamkumbuka Lee peke yake. Tarehe 23 Machi 1877 alipelekwa Mountain Meadows penyewe, akakalishwa juu ya jeneza lake, akapigwa risasi. Maelezo yake yalitolewa na wakili wake mwaka huo huo katika kitabu kiitwacho Mormonism Unveiled, na ni lazima tukisome tukijua kwamba wakili alikuwa na mkono wake humo na na maslahi yake. Lee anasimulia kwamba amri ilipoletwa alilia, hata Wapaiute wakampa jina la mtu anayelia. Anasimulia kwamba kabla ya uamuzi walipiga magoti wakaomba. Na alipofika kwenye magari ya majeruhi, mahali alipokuwa zamu yake, anakiri kwamba alikusudia kabisa kutimiza sehemu yake ya kuua, lakini bastola yake ikafyatuka. Haikufyatuliwa, bwana, ilifyatuka, nusura imjeruhi mwenzake. Kwa Kiswahili sentensi hiyo haifichi kitu. Nia ni yake, kidole ni chake, risasi ni ya Mungu.

Linganisha na Klingensmith, yule askofu mhunzi. Alikuwa wa kwanza kati yao kuapa na kusema, huko Nevada mwaka 1871, kisha akasimama shahidi wa serikali katika kesi ya 1875. Naye alikubali kwamba amri ilipotoka alifyatua bunduki yake, mara moja. *Alifyatua*. Ni kauli ya kutenda. Mtu akitaka atasema alipewa kinga ya kutoshtakiwa ndiyo maana akawa jasiri wa sarufi, na ni kweli kwamba kwa ushahidi huo aliachiliwa. Lakini kiapo cha kwanza alikula miaka minne kabla ya kesi hiyo. Ukweli wa mtu huyu haukuwa safi, nami bado nauona mzito kuliko machozi ya Lee.

Nephi Johnson ni kisa kingine. Alikuwa kijana aliyejua lugha ya Wapaiute, ndiye mkalimani. Katika kesi ya 1876 alieleza aliyoyaona Lee akiyafanya, lakini yeye mwenyewe katika maelezo yake alikuwa pembeni, juu ya kilima, akihangaika na farasi wake. Akazeeka, akawa mzee wa kuheshimika. Mwaka 1919 alimwendea mwalimu kijana aliyekuwa akifundisha karibu na kwake, akamwambia kwamba macho yake yameona mambo ambayo ulimi haujapata kuyatamka, na anataka yaandikwe kabla hajafa. Mwalimu akasema sawa, nitakuja. Shule ina kazi nyingi, siku zikapita. Alipopata habari kwamba mzee ni mgonjwa alikwenda, akamkuta hajitambui. Alikaa kando ya kitanda akamsikia akiita damu, damu, mpaka akafa.

Mwalimu huyo ndiye Juanita Brooks. Alizaliwa Bunkerville, Nevada, mwaka 1898, akafiwa na mume wa kwanza mapema, akasomesha, akaolewa tena, akalea. Alipokuwa akiandika kitabu, meza ya kupigia pasi ilikaa tayari na nguo juu yake, ili jirani akibisha mashine ya chapa ifunikwe. Alikuwa mwumini, akabaki mwumini hadi alipofariki mwaka 1989. Babu yake, Dudley Leavitt, anatajwa miongoni mwa wanaume waliokuwepo. Viongozi wa kanisa walimnyima nafasi ya kuyaona maelezo ya viapo waliyokuwa wameyahifadhi, naye akayaandika hayo hayo kitabuni, kwamba aliomba akanyimwa. Hakutolewa kanisani, ila mjini St. George wapo waliompa kisogo.

Kinachonivutia kwa Brooks si mtindo. Sentensi zake ni za mwalimu wa sekondari, hazina mapambo. Kinachonivutia ni kwamba anaandika majina. Nani alikuwa na cheo gani, nani aliongea na nani, nani alikuwa na umri gani. Mtu akisoma kwa pupa atadhani ni orodha ya kuchosha. Lakini katika mji ambao kwa miaka 90 tukio limesimuliwa bila mtendaji, kuandika kiima cha sentensi ni kazi ya hatari. Na hapo hapo anakataa kuwafanya mashetani. Wale aliowajua yeye walikuwa wazee wenye upole, waliochimba mifereji na kuzika watoto wao wenyewe. Anasisitiza kwamba hakuna hata mmoja wao ambaye angelitenda lile akiwa peke yake.

Hapo mwenzangu wa semina atashangilia: si umeona, ni mfumo! Sikatai mfumo. Kama kuna tabaka la viongozi linaloshika madhabahu, bunduki na ghala la nafaka kwa pamoja, uhakiki usiolitaja hilo ni uhakiki wa kitoto. Lakini Brooks anaposema hakuna ambaye angetenda peke yake, hasemi kwamba hakuna aliyetenda. Zipo simulizi za wanamgambo waliopiga risasi hewani. Kama zina ukweli, basi hata katika mstari ule, ukiwa na rais wa kigingi nyuma yako na mtu wa kuuawa ubavuni, kulikuwa na nafasi ya inchi chache za kuelekeza mtutu. Ni ndogo. Haikumwokoa yule mhamiaji. Lakini mfumo haukuziba inchi hizo.

Niseme la kwangu, maana si haki kuwapima watu wa 1857 huku mwenyewe nimekaa darini. Nilipokuwa kidato cha tano nilikuwa katibu wa kwaya ya vijana katika kanisa letu, ambalo sitalitaja. Msichana mmoja wa sauti ya pili alipata mimba. Wazee walitaka kwaya yenyewe ilete pendekezo. Tulikaa Jumamosi jioni, watu 14, na mimi nikaandika kumbukumbu za kikao. Niliandika: *Ilionekana kuwa mwenzetu ameleta doa. Ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba atengwe.* Alitengwa. Kwao wakampiga na kumfukuza, naye akaondoka mjini. Miaka yote hii nimekuwa nikisema kwamba ni wazee walioamua, na wazee, nikiwasikia, husema ni vijana wenyewe walioomba. Juzi nilipokuwa nasoma Brooks ndipo nilipozikumbuka sentensi zangu na kuona viambishi vyake. Ilionekana na nani? Ilikubaliwa na nani? Mkono wangu ulikuwa juu, mwingine umeshika kalamu.

Simfananishi msichana yule na watu 120 waliolala malishoni. Nafananisha sarufi.

Turudi huko. Mwaka 1859 askari wa serikali chini ya James Carleton walikusanya mifupa, wakairundikia mawe, wakasimika msalaba wenye maneno ya Biblia yasemayo kwamba kisasi ni cha Bwana. Mwaka 1861 Brigham Young alipita hapo. Shajara ya Wilford Woodruff inaeleza kwamba Young aliyasoma maneno hayo na kusema yangefaa kuongezwa kwamba kisasi nimekwisha kukichukua kidogo. Rundo la mawe likabomolewa. Ni mara chache tunapata kumwona mtu mkubwa akifanya uhakiki hadharani namna hiyo, akihariri andiko takatifu ili wauaji watoke ndani yake na abaki Mungu peke yake kama mtendaji.

Bamba la mwaka 1932 lilisema msafara ulishambuliwa na watu weupe na Wahindi Wekundu, likamtaja Lee na kunyongwa kwake kisheria, samahani, kupigwa kwake risasi. Halikumtaja mwingine. Wapaiute wakabaki humo kama wabebaji wa nusu ya kosa, ingawa wazee wao wamekuwa wakikana kwa muda mrefu kwamba walihusika kwa kiasi kile, na watafiti wa baadaye wamezidi kuipunguza sehemu hiyo. Kisha ukuta wa ukumbusho wa mwaka 1990, uliojengwa kwa mapatano ya jamaa za pande zote, ulisema tu kwamba msafara wa wahamiaji zaidi ya 120 *ulishambuliwa* ukiwa njiani kwenda California. Basi. Kutoka 1932 hadi 1990 sentensi ilipoteza watendaji wake wote. Naelewa kwa nini. Wajukuu wa waliouawa na wajukuu wa waliouaa walikuwa wanajaribu kusimama pamoja bila kugombana, na kitenzi cha kutendwa ni kiti ambacho watu wawili wanaweza kukikalia. Sitaki kuwacheka. Lakini Agosti 1999, kanisa likiwa linajenga upya mnara pale bondeni, mashine ya kuchimba iligonga mifupa ya watu wasiopungua 28. Ardhi haikujua mapatano hayo. Tarehe 11 Septemba 2007, miaka 150 kamili, Henry B. Eyring wa uongozi wa kanisa alisimama hapo akaeleza majuto, akataja wajibu wa viongozi wa kanisa wa eneo lile, na akawasikitikia pia Wapaiute kwa lawama walizobebeshwa.

Nimeacha Lee mwisho kwa makusudi. Watu wengi wanaoandika juu yake wanalazimika kuchagua: ama alikuwa muuaji, ama alikuwa kafara. Sisi tuliosoma Kusadikika tunayo mazoea ya mjumbe asiye na hatia, wale sita wa Shaaban Robert waliorudi na mema wakaishia kifungoni. Ngano zetu nazo zinapenda kafara safi. Lee anaharibu mpangilio huo. Alikuja chini ya bendera nyeupe akijua ni ya uongo. Alikufa kwa kosa lake, na hapo hapo alikufa kwa kosa la wengine nane na zaidi, na Brooks, aliyeandika pia wasifu wake, hakuona haja ya kufuta sentensi moja ili nyingine ikae. Mwaka 1961 kanisa lilimrudishia Lee uanachama na baraka zake, miaka 84 baada ya kuuawa. Brooks alipotaka kulichapisha hilo aliambiwa asilichapishe, tena kwa kitisho kwamba uamuzi ungebatilishwa. Akalichapisha.

Hadi hapo sijapata jibu la swali moja ambalo naliacha kwa wasomaji, hasa walimu wetu wa isimu: je, mtu anaweza kuungama katika kauli ya kutendeka? Dini nyingi zinadai nafsi ya kwanza, nimekosa mimi. Lee anasema nimekosa, na ndani ya sentensi hiyo hiyo bastola inafyatuka. Binafsi naona aliungama nusu, lakini mwalimu mmoja niliyemwonyesha rasimu hii anasema nusu hiyo ndiyo kiwango cha binadamu wengi na kwamba nawadai wafu zaidi ya ninavyojidai mwenyewe.

Kitabu nilichokisoma ni cha kuazima na sasa anacho yule bwana wa mjumbe hauawi. Juzi tulikutana kwenye foleni ya chakula. Amefika kwenye kesi ya pili, na ameshaniambia kwamba kuhusu Klingensmith nimekosea kabisa.